Sauti ya Mama Tarumbeta

Mama Tarumbeta alichagua gauni la buluu kutoka kwenye mzigo wake mwenyewe wa mitumba, akakaza kifungo kilicholegea kwa uzi mweusi, maana wa buluu ulikuwa umekwisha. Jioni hiyo angekwenda kwenye hafla ya kuchangia chama, na huko angekutana na Kiongozi wa nchi. Hela ya tiketi walikuwa wamechanga kinamama wote wa soko. Walimtuma yeye kwa sababu moja tu: alikuwa na sauti. Akiita wateja pale langoni, hata mtu wa ng'ambo ya barabara aligeuka akidhani ametajwa jina.

Alitumwa swali moja. Soko litabomolewa ama halibomolewi? Tetesi zilikuwa zimewachosha kuliko kazi.

"Usianze na salamu," muuza viatu, jirani yake wa meza, alimuusia. "Uliza kwanza, adabu itafuata nyuma. Hawa watu ukiwapa nafasi ya kukujibu salamu, ndiyo imetoka hiyo."

Ukumbini alikalishwa karibu na mlango wa choo. Chakula kilipoa kikimngoja Kiongozi, na watu nao wakapoa. Msaidizi wake, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alipita meza kwa meza akisikiliza mazungumzo, kama mtu anayegonga nazi kutafuta nzuri. Kwa Mama Tarumbeta akasimama.

"Unaongea vizuri, mama. Njoo umsalimie Mheshimiwa."

Kiongozi alikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, amevua viatu, miguu imevimba. Alionekana mtu aliyechoka, si mbaya wala si mwema. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mama Tarumbeta alikumbuka wosia wa jirani yake, lakini malezi ni malezi, mdomo ukatangulia.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama," Kiongozi akajibu, kwa sauti ya Mama Tarumbeta.

Msaidizi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii imekukaa kuliko ile ya mwalimu. Ile ilikuwa inakatika katikati." Kisha akamgeukia Mama Tarumbeta. "Sauti yake Mheshimiwa ilikwisha kwenye kampeni ya kwanza. Usijali, utarudishiwa. Pita ofisini wiki ijayo."

Mama Tarumbeta alifungua mdomo kuuliza la soko. Ikatoka pumzi tu. Akajaribu kwa mikono: akajenga paa hewani, akaliangusha, akainua viganja kuuliza. Kiongozi alimtazama kwa upole.

"Nimekuelewa kabisa, mama," alisema, akaanza kuvaa viatu.

Hotuba ilikuwa nzuri. Mama Tarumbeta aliisikiliza toka pale mlangoni pa choo, akijisikia anaahidi barabara, dawa na maji. Alijisikia akisema soko ni nyumbani kwake, na hilo lilikuwa kweli. Watu wakasimama kupiga makofi. Sokoni, kinamama waliokuwa wamezunguka redio walikumbatiana. Kiongozi huyu sasa alikuwa wa kwao.

Alipofika nyumbani, mumewe seremala alikuwa anamngoja kitandani, redio kifuani.

"Pole, mke wangu," alisema. "Nimekusikia. Umeongea vizuri."

Wiki iliyofuata alikwenda ofisini. Kwenye benchi la kusubiria walikuwepo yule mwalimu, kondakta mmoja wa basi na mzee aliyekuwa akitangaza mpira, wote kimya. Walisogea wakampa nafasi. Sauti ya mwalimu ilikuwa imerudi, lakini ilibaki kama ya mtu anayeongea akiwa chini ya godoro, naye aliona afadhali asiitumie. Karani aliwaambia wengine kwamba zao bado zina kazi. Wavumilie mpaka uchaguzi upite.

Uchaguzi ukapita. Karani akasema sasa kuna shukrani za kutoa nchi nzima.

Biashara ilidorora. Mama Tarumbeta alisimama langoni akipiga makofi, na muuza viatu akamwitia wateja kadiri alivyoweza, lakini cha kuazima hakisitiri matako. Jioni, mumewe aliacha randa mapema ili aiwahi taarifa ya habari.

"Leo umekauka," alimwambia. "Wanakutumia vibaya." Akamchemshia maji ya tangawizi, yeye akanywa, na asubuhi Kiongozi alisikika redioni akiwa laini kidogo.

Tingatinga lilikuja siku ya soko kubwa. Mbele yake lilitangulia gari lenye kipaza sauti, na kipaza sauti kikasema: "Jamani wenzangu, fungeni mizigo yenu taratibu, bila fujo. Soko tunalijenga upya. Mtarudi." Kinamama walikuwa wameifuata sauti ile miaka yote, kwenye mgomo wa ushuru, kwenye misiba, hata siku ya moto. Wakafunga mizigo. Hakuna aliyeokota jiwe.

"Shoga, ungetudokeza mapema basi," muuza viatu alisema akitia ndala kwenye gunia. Hakusema kwa hasira. Mama Tarumbeta alitikisa kichwa, akapiga kifua chake, akaonyesha gari. Muuza viatu akaendelea kufunga.

Basi akaenda mwenyewe, akasimama mbele ya tingatinga akiwa amenyoosha mikono. Dereva alizima mashine, akainama kutoka juu. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekwisha bomoa kwingine tangu alfajiri.

"Mama, pisha," alisema. "Si unajisikia mwenyewe unavyosema?"

Alijisikia. Sauti ilikuwa imechakaa, imeota ukoko, ya mtu anayetaka kulala tu. Aliisikiliza mpaka mwisho, jinsi mtu anavyomsikiliza ndugu yake akiongea mbele za watu. Kisha akashusha mikono, akasogea kando.

Lango lilianguka la kwanza. Sauti ikawashukuru kwa ushirikiano wao, ikakohoa kidogo, ikazimwa.