Sanduku la Ncha Mbili

Mwalimu Kibii alichora ubaoni betri tatu, rezista saba na waya zilizopitana ovyo, kisha akavizungushia vyote sanduku moja la chaki, akaacha ncha mbili tu nje.

“Ukisimama hapa nje,” akawaambia wanafunzi wake katika chuo kimoja cha ufundi mjini Nakuru, “hayo yote yamefupishwa kuwa betri moja na rezista moja. Ni kama kwetu Ndabibi. Kuna mama, kuna dada yangu Chelimo, kuna ng'ombe. Nani alikamua, nani aliamka akiumwa na mgongo, hayo ya nini? Mimi naona gunia la viazi na mtungi wa maziwa. Basi.”

Darasa likacheka. Mercyline, anayekaa mbele, akainua mkono. “Na joto la huko ndani, mwalimu? Hesabu inalionyesha?”

“Hailionyeshi. Lakini hiyo haiko kwa mtihani.”

Jumamosi akaenda kwao, kama kila mwisho wa mwezi. Nyumba haikuwepo. Palipokuwa na jiko, palikuwa na sanduku la bati juu ya kigoda, ncha mbili za shaba zimechomoza. Jirani yao, mzee Okeyo, alikuwa akipalilia mahindi ng'ambo ya ua.

“Mama yuko wapi, mzee?”

“Si huyo hapo. Na Chelimo, na ng'ombe. Walifupishwa juzi. Hata nyasi nimewacha kuwakatia.”

Kibii akashukuru. Akagusa ncha kwa waya mbili za gari, gunia likatoka, kisha maziwa, povu lingali juu. Hakuna kilichopungua. Alipotaka na maharagwe, sanduku likaanza kupata moto, na humo ndani mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mama yake, kile cha moshi, ambacho miaka yote alikisikia akiwa ameketi garini, injini ikinguruma.

Loo, aibu ilimshika hadi masikio yakamwaka! Alitaka kuita, “Mama.” Lakini angeitika, angemuuliza kama leo atashuka anywe chai, na Okeyo alikuwa akitazama. Akaweka kiganja juu ya bati. Likamchoma, akakitoa upesi. Asante ya punda ni mateke, na siku hiyo punda alijijua. Akapakia maharagwe kwenye buti, akaondoka.

Mwezi uliofuata alikuja na glavu.