Hanki-dori ya Fundi Wahab

Neno lenyewe lilifika Masese, kule ziwani, Jumapili, chai ya jioni ikiwa bado jikoni. Swaib alikuwa amemwandikia kijana aliyemposa bintiye kwa Kiingereza, maana alitaka kuupima usomi wake: je, nyumba ya kumweka binti yangu Juwairiya iko tayari? Wahab, fundi wa mizani kule Nakaloke, nje kidogo ya mji wa Mbale, akajibu upesi: "Yote hanki-dori, sir."

Swaib alisoma mara mbili, akaiweka simu mkekani kama anayeweka samaki aliyeanza kunuka.

Mama yake, Zahara, alikuwa anachambua mchele. Mtaa mzima ulimwita haboba, ndiyo bibi kwa Kinubi. "Lugha gani hiyo?" akauliza.

"Eti Kiingereza."

Wakamwita jirani yao, mwalimu Bogere. Bogere akavuta kiti, akakohoa kama yuko mbele ya ubao. "Maana yake haina ubaya. Mambo yote sawasawa, hakuna tatizo. Ila ni neno la zamani, hata Waingereza wenyewe siku hizi hulitoa mara moja moja. Tena ni la kupigia soga. Unamwambia rafiki mkiwa mmenyoosha miguu. Humwambii hakimu, wala daktari aliyekwisha kushika kisu."

"Na baba mkwe je?"

Bogere akaitazama chai aliyokwisha kuletewa. "Baba mkwe... mimi ningetafuta jingine."

"Umesikia, mama? Anaposa mtoto wangu kwa neno la kijiweni. Ijumaa wazee wake wakija kuchukua jibu, nitawapa soda na kuwarudisha kwao."

Nyuma ya pazia kijiko kilianguka sakafuni, na Juwairiya hakukiokota.

Zahara aliishia darasa la tano, lakini hakuwa mtu wa kukata nguo kabla ya kuipima. Akapepeta mchele wake taratibu. "Mwalimu katuambia neno lina maana gani. Hajatuambia kijana hulisema wakati gani. Nitakwenda kumsikia."

"Mama, na goti lako?"

"Goti ni langu, nitalibeba mwenyewe."

Wahab hakuwa anamjua Zahara kwa sura. Siku ya barua ya posa Zahara alikaa chumba cha ndani na wanawake wenzake, wakasikia sauti za wageni tu. Kwa hiyo Jumatano aliifunga katika kitenge mizani yake ya kupimia dagaa, akapanda basi la Mbale, na kabla ya adhuhuri alikuwa kwenye benchi la fundi, baina ya muuza maharage na muuza vitunguu. Mizani zilining'inia darini kama popo. Chini yake alisimama kijana mrefu, kalamu sikioni.

"Bado, mama Night," alikuwa akimwambia muuza maharage. "Mshale haurudi kwenye sifuri." Akalegeza skrubu, akatundika jiwe la kilo, akaliondoa, akalirudisha. Mara tatu. Mshale ulipotulia akasema, "Haya. Hanki-dori." Mama Night akaibeba mizani yake bila hata kuitazama.

Akaja askari wa magereza. "Fundi, yetu hanki-dori?"

"Bado, afande. Kesho."

Afande akageuka akaenda zake, wala hakubisha. Hilo Zahara aliliweka moyoni.

Zamu yake ilipofika, Wahab alitundika jiwe, akanyanyua nyusi. "Bibi, hii inampunja mnunuzi. Magamba yameingia kwenye springi."

Zahara aliona haya, maana hakujua. Lakini alikuja na kazi yake. "Ni kidogo, mwanangu. Sema tu hilo neno lako niondoke, safari ni ndefu."

"Siwezi, bibi. Kaa kwanza."

"Unamnyima mtu mzima?"

"Nimwambie mtu mzima uongo? Mzee Habib aliyenifundisha alilipata kwa Mwingereza wa kiwanda cha pamba. Nikilisema kabla ya kutundika jiwe mara ya tatu, alikuwa akinizaba kofi la kisogo. Kwa hiyo mimi sijui kulifanyia mzaha."

Zahara akafungua mtandio kidogo usoni. "Mimi ni mama yake Swaib wa Masese."

Bisibisi ikamtoka mkononi.

"Na nyumba," Zahara akaendelea, sauti ile ile, "uliipima mara tatu?"

Wahab akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua? "Hapana, haboba. Ujumbe wa mzee uliingia nikiwa na wateja watatu. Paa tayari, maji tayari. Mlango wa jiko haufungi. Nililisema mapema."

"Basi funga kibanda twende. Mizani yangu itangoja."

Nyumba ilikuwa Wanale, chini ya mlima. Zahara aligusa wavu wa madirisha, akafungua bomba, akanusa maji, akasukuma mlango wa jiko. Kweli, ulikwama katikati. Akaketi kizingitini, akamenya ndizi yake, huku Wahab akipiga randa jasho likimtiririka. Mlango ulipokubali kufunga, Zahara akampigia mwanawe simu.

"Ijumaa pikeni pilau."

"Mama, na lile neno?"

"Neno kwake ni la kazi, si la kijiweni. Halafu kakiri mwenyewe kosa ambalo wewe na Bogere wako msingeliona mkiwa Masese. Mwambie Juwairiya aanike mashuka."

"Yuko hapa, amenishika mkono wa shati. Anataka kujua jiko likoje."

"Mwambie moshi hautakosa," akasema Zahara, "na mlango unafunga."