Beki Aliyekwenda Kusema Acha

Kwa misimu mingi Merv Kilcullen alikuwa beki wa mwisho huko Melbourne, katika kandanda ya Kiaustralia ambayo mpira hupigwa teke na kudakwa kwa mikono, na kazi yake ilikuwa moja tu: mshambuliaji asiudake mpira. Mtu akiruka, naye anaruka nyuma yake na kuupiga mpira ngumi. Ngumi isipofika, anatanguliza kichwa. Watu walimpenda kwa hilo. Alizimia uwanjani si mara moja, akamwagiwa maji, akarudi mchezoni huku jukwaa zima likiimba jina lake.

Sasa hata kufunga vifungo vya shati kunamshinda. Daktari hakumficha: ubongo umechakaa kwa mapigo, na dawa hakuna. Siku nyingine akili humrudia, na hizo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu anajua.

Jumamosi hiyo akili ilimrudia. Akamwomba mkewe, Noreen, ampeleke Barrawill, mji wa wakulima wa ngano alikozaliwa, ambako Tully, mtoto wa dada yake, alicheza beki kama yeye. Walipofika mechi ilikuwa katika robo ya tatu kati ya nne. Mbele ya macho yao Tully akapigwa goti la kisogo, akaanguka kama gunia. Alipoinuka, alijipanga na wapinzani akidhani ni wenzake.

"Kapoteza pumzi tu huyo," alisema Stannard, kocha.

Wakati wa mapumziko kabla ya robo ya mwisho Merv akaingia uwanjani.

"Tully, vua jezi. Twende nyumbani."

"Mjomba! Imebaki robo moja. Nikitoka, lile jitu lao atalikaba nani? Wewe?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Nisikilize. Mimi nilivyo sasa…"

"Wewe ulicheza na taya limevunjika! Mama hachoki kunisimulia."

"Ndiyo maana nakwambia…" Merv akamkamata jezi. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwepo mdomoni, mara hayapo. Nyuso zenye matope zilikuwa zikimngoja. Akautazama mkono wake ulioshika jezi, asijue unataka nini.

"Unaniambia nini, mjomba?"

"Ruka mapema," Merv akasema. "Achana na mtu. Tazama mpira."

"Mmemsikia mzee?" Stannard akapaza sauti, na vijana wakashangilia.

Tully aliruka mapema. Aliruka kinyumenyume katikati ya miili, akaupangua mpira, akaanguka, akaruka tena. Magari ya watazamaji yaliyouzunguka uwanja yakapiga honi. Noreen alifumba macho. Merv alisimama, akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Walipokuwa njiani kurudi, katikati ya mashamba ya ngano, akamshika mkewe mkono.

"Geuza gari. Sikumwambia."

"Mechi imekwisha, mpenzi. Wameshinda."

"Noreen, geuza."

Noreen hakugeuza; alijua kabla hawajafika maneno yatakuwa yamempotea tena. Yeye mwenyewe alishawaambia zamani Tully, na mama yake Tully, na Stannard. Wote walimsikiliza kwa adabu, wakamjibu kwamba jambo kama hilo wangelikubali likitoka kinywani mwa Merv.