Sina la Kuongeza

…na sasa ni afande, halafu mwalimu mkuu, halafu kocha, halafu mimi, ndivyo tunavyofunga kikao cha kamati ya usalama wa vijana siku zote, mwenyekiti anazungusha macho mezani kuanzia mlangoni na kila mmoja anasema ana la kuongeza au hana, na siku zote hatuna, nani awe na la kuongeza wakati chai imeshapoa na watu wameanza kupapasa funguo zao, mimi mwenyewe nikitoka zamu ya usiku sina hata la kuanza nalo, miguu imevimba, macho yanawasha, mwenyekiti, yule dada wa ustawi wa jamii, alinipokea na pole muuguzi, unaonekana umechoka, nikamjibu nimeshapoa, uongo mtupu, na mkoba wangu upo hapa chini, umeegemea kiatu cha afande, nauvuta kwa kisigino, unarudi palepale, Mungu wangu, mkoba gani huu usiosikia… afande anasema analo, ila la heri, ukaguzi wa asubuhi kwenye geti la shule umekwenda vizuri, wavulana wanapangwa mstari, mabegi yanamwagwa chini, hawajakuta hata wembe, kwa hiyo anaona kamati ijipongeze, na ile programu ya kocha ya jioni, ya kuwavuta vijana kwenye mpira waache visu, sasa ifungwe, vijana wametulia, kocha anatazama mikono yake, maskini, wenzake wote wanaitikia kwa vichwa, wametulia wapi, mimi ndiye mkorofi wa meza hii, kikao kilichopita niliwauliza, jamani, kama hawana visu mimi nawashona kwa sababu gani, vinashuka kutoka mbinguni, wakacheka, nami nikacheka, nikarudi wodini nikashona tena, yule wa juzi alikatwa begani, mrefu mpaka miguu inatoka nje ya kitanda, akaniambia shikamoo mama, hakusema sista wala nesi, alisema mama, kisha akageukia ukutani asinitazame tena, nikadhani ni maumivu, kumbe kijana ananijua, kumbe pengine ameshakaa kwenye kochi langu na mwanangu… na afande bado anaongea, wavulana, wavulana, kila sentensi wavulana, maana pale getini hakuna askari wa kike, tulikubaliana hapahapa wasichana wapite tu, si vizuri mwanamume kumpapasa mtoto wa kike, jambo la busara kabisa, hakuna aliyebisha, mtu akauliza sukari iko wapi tukaendelea na mengine.

Asubuhi nimerudi nyumbani nikakuta begi la kitinda mimba wangu limelala katikati ya sebule, namwita Mama kwa kuwa amebeba jina la marehemu mama yangu, nikasema Mama huyu na uvivu wake, nikalinyanyua nilitundike kitini, na mkono ukashtuka kabla sijawaza lolote, uzito wa madaftari naujua, nimewabebea kaka zake wote, huu haukuwa wa madaftari, nikaingiza mkono mpaka chini, soksi za michezo, ndani ya soksi visu viwili, na kimoja mpini wake umezungushiwa plasta nyeupe ili usiteleze, plasta ya wodini, niliyokuja nayo mimi mwenyewe kwa ajili ya visigino vyangu, nilikaa chini, naye akatoka bafuni na taulo kichwani, akaviona mapajani mwangu, wala hakulia, ningependa angelia, akasema, “Si vyangu, mama. Mimi huwa hawanikagui, basi.” Kwa sauti ileile anayoniambia nayo kwamba gesi imekwisha, nikamuuliza ni vya nani, akaendelea kukausha nywele, nikamwambia naondoka navyo, akanitazama kama anamtazama mtoto, akasema, “Ukivichukua wataniuliza mimi, hawatakuuliza wewe.” Na nikamwacha aende, nikamwacha aende na begi jepesi, kwa sababu ana mtihani, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa usiku mzima, kwa sababu sikujua la kusema, na mimi ndiye ninayewafundisha wazazi la kusema… mwalimu mkuu anasema yeye hana la kuongeza, ila angeomba tuharakishe, awahi kurudi kabla ya mapumziko, anapenda kuwepo uwanjani watoto wakitoka madarasani, mapumziko, mwanangu atatoka darasani, watamfuata nyuma ya vyoo wamdai vitu vyao, atawaambia nini, mama amevichukua, watacheka, halafu hawatacheka… ningeweza kunyamaza, tanuri la hospitali linachoma kila kitu, navitupa leo jioni hakuna atakayejua, wataleta vingine, watampa tena, au watampa mtoto wa mwenzangu, na mimi nitashona, nimechoka kushona, jamani, nimechoka, na mlinzi wa jengo hili naye, kocha alivuliwa hata filimbi shingoni, akapitishiwa kile kifaa mbele na nyuma, mimi alipoona sare akaniambia pita mama, pole na kazi, nikapita, nikapita na visu viwili kwenye mkoba kama mwanangu anavyopita, nikamwitikia asante baba.

Na yule mama wa kijana wa bega, alikuwa koridoni ameshika kiatu kimoja cha mwanawe, sijui kingine kiliangukia wapi, nikamkalisha, nikamwambia kwa ulimi wangu huu mlaini, sema unachokijua, mama, hatuwafungi watoto wenu, tuna kamati, tunasaidiana, ni msaada kwanza, pingu baadaye, maneno yetu ya kila kikao, akaniuliza, “Wewe una watoto?” Nikamwambia ninao, basi akarudi kukigeuzageuza kile kiatu, nikamwona mkaidi, nikaandika mzazi hataki ushirikiano, nikaenda kunywa chai, sasa ndiyo najua alikuwa ananiuliza nini, alitaka kujua kama ningemtoa wangu, na nikajibu haraka hivyo, ninao, kama mtu aliyeulizwa ana kalamu… naogopa, naogopa afande atoe simu hapahapa, ni mtu mzuri, alikuja kwenye msiba wa mume wangu, lakini ni afande, naogopa waseme binti wa muuguzi, naogopa Mama asinisamehe mpaka naingia kaburini, ila asinisamehe akiwa hai, mzima, amekaa mezani kwangu amenuna, hilo naliweza, kununa kwake nimekuzoea… kocha anasema hana la kuongeza, yeye pekee ndiye anayejua kuwaendea wale vijana bila king’ora, na ndiye tunayemfunga leo, mwalimu mkuu ameshavaa koti, bado hajaondoka, bado yupo, mapumziko bado, feni inazunguka, chai yangu ipo palepale, na dada wa ustawi ameshafika kwangu na lile tabasamu la kufunga kikao, anasema, “Muuguzi, najua huna,” na mkoba upo mapajani, sikumbuki nimeupandisha saa ngapi, na mkono wangu umeshafungua zipu.