Nafasi Tupu za Bi Karatasi

Ofisini walimwita Bi Karatasi, na hakuchukia. Miaka ishirini na sita alikuwa akibandika majani makavu kwenye karatasi ngumu na kuandika pembeni mmea ulichumwa wapi, ua lake likoje, mbegu zake zikoje. Alikuwa na sharti moja lililomkera kila aliyefanya naye kazi: asilolihakikisha haliandiki, anaacha nafasi tupu. Ndiyo maana kwenye jedwali alilokusanyia taarifa hizo, safu ya sumu ilikuwa na matundu mengi kuliko wavu.

Ikaja programu ya simu. Unapiga picha jani, yenyewe inatafuta picha zinazofanana nalo kati ya karatasi zake maelfu, kisha inasoma jedwali na kukwambia ni mmea gani na kama una sumu. Jambo jema, asiniambie mtu vinginevyo.

Wiki moja kabla ya uzinduzi, Bi Karatasi alifungua jedwali akakuta matundu yote yamezibwa. Kila alipoacha wazi pameandikwa "hapana".

"Nani kaandika hapana hapa?" alimuuliza mkuu wa kitengo.

"Mimi. Programu haikubali nafasi tupu. Na ingekuwa na sumu, si ungeandika?"

"Sikuandika kwa sababu sijui! Sijui siyo hapana."

"Tutarekebisha baada ya uzinduzi, Bi Karatasi. Funika kombe mwanaharamu apite." Akamsogezea fomu ya kuidhinisha jedwali. "Halafu ona, jina lako tumeliweka ukurasa wa kwanza. Bila wewe hakuna programu."

Kilemba cha ukoka, na alikijua. Lakini miaka yote ile jina lake halikuwahi kuandikwa popote ila kwenye daftari la mahudhurio. Akatia saini, tena kwa mwandiko mzuri. Siku ya uzinduzi akawatumia jamaa zake wote ile programu, kichwa kimemvimba.

Mvua zilipoanza, mdogo wake, aliyeishi na mama yao, alichuma mboga nyuma ya nyumba. Akampikia mama, mwenyewe akawahi kazini bila kula. Mchana mama akaanza kutapika. Hospitali walisema ni sumu ya ile mboga, wakajitahidi, lakini siku ya pili akafariki.

Baada ya mazishi dada hao wawili walikaa jikoni. Bi Karatasi alikuwa ameshaipekua simu ya mdogo wake. Picha ya jani ilikuwamo bado, na jibu chini yake: sumu, hapana. Jani lenyewe alilitambua mara moja. Alilibandika kwa mkono wake, na kwenye sumu aliacha wazi. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Yeye Bi Karatasi hata hakula, alilisha tu.

"Dada," mdogo wake alisema, macho mekundu, "mimi nilipiga picha kabisa. Nikaona jina lako, nikasema dada akishasema, imekwisha. Sasa najiuliza, labda sikuichemsha vya kutosha?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Bi Karatasi aliona aibu. Aliogopa kuchukiwa na mtu wa karibu pekee aliyebaki naye.

"Labda," alisema. "Ile inataka kuchemshwa sana."

Mdogo wake akajifunika uso kwa kanga, akaanza kumwomba mama msamaha.