Skrubu Mbili za Zita

Saa nne asubuhi Zita alikuwa amefika dirisha la tatu la hospitali, picha ya eksirei kwapani, ndala zake nyekundu zikiwa bado na tope la kijijini kwake Ntobeye. Dirisha la kwanza walimwambia kadi yake imefifia. La pili walimwambia aende la tatu. Hapo aliketi Aristides, karani wa kumbukumbu, mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu inayoandika.

"Mama, faili linasema una vyuma viwili kwenye kifundo cha mguu. Umekuja kutolewa?"

"Nimekuja kuandikiwa kwamba nimepona."

"Utaponaje na vyuma vyetu vimo ndani?"

Foleni ikacheka. Zita naye akacheka, ingawa alikuwa na haraka. Nyumbani pombe ya ndizi ilikuwa imeiva, kesho ingechacha. Ilikuwa ya wanaume wanane waliombeba kwa ingobyi, ile machela ya kusuka, kutoka shambani mpaka barabarani, siku alipoteleza na mkungu wa ndizi kichwani. Kwao, aliyebebwa huwashukuru wabebaji wake mara moja tu, akishapona kabisa. Ukishukuru kabla hujamaliza kupona, unaiita machela irudi. Mwaka mmoja na nusu Zita alikuwa akipishana nao njiani akiwasalimu kwa haya, kama mtu aliyeazima jembe na hajalirudisha.

"Zile skrubu si chuma," alisema taratibu. "Ni magnesiamu. Daktari aliniambia zinayeyuka zenyewe, mfupa unachukua nafasi yake."

"Skrubu iyeyuke kama sukari?" Aristides akafungua daftari nene. "Mama, hii ni mali ya hospitali. Skrubu ikitolewa inaoshwa, inahesabiwa, inaandikwa hapa. Zako nitaandika zimekwenda wapi?"

"Andika kazila!" bibi mmoja akapaza sauti huko nyuma.

Daktari Joyness alikuwa akipita na kikombe chake cha uji. Alimkumbuka Zita, kwani siku ya upasuaji yeye ndiye aliyeushika ule mguu, wakati madaktari wageni wakikaza zile skrubu. Akaichukua picha, akaiinua kwenye mwanga.

"Zilikuwa hapa na hapa. Aristides, unaona kitu?"

"Sioni."

"Hata mimi. Ni mfupa mtupu." Alisema kwa sauti ndogo, kama anayemtazama mtoto mchanga. "Mama, simama kwa mguu huo."

Zita akasimama.

"Ruka."

Akaruka. Ndala ikamchomoka, foleni ikapiga makofi.

"Mimi naamini, daktari," Aristides akasema kinyonge. "Lakini fomu ina visanduku viwili tu: Vimetolewa, Havijatolewa. Nikiweka Vimetolewa, mkaguzi atavidai kwangu."

Daktari akampigia mkubwa wake simu. Mkubwa alikuwa semina. Basi Aristides akaweka tiki kwenye Havijatolewa, akaandika tarehe ya upasuaji wa kuvitoa, kumi na mbili Oktoba, akagonga muhuri. "Nisamehe, mama," akanong'ona.

Alasiri wabebaji wote wanane walikuwa wameketi uani kwa Zita. Mzee Ansbert, mkuu wa ingobyi, hakugusa mrija wa kibuyu cha pombe kilichokuwa mbele yake.

"Shikamooni," Zita akapiga goti.

"Marahaba. Umemaliza?"

Ndilo swali lenyewe, na halijibiwi kwa uongo. Zita akaitoa ile fomu. "Karatasi inasema bado."

"Sijaiuliza karatasi. Nauuliza mguu."

Zita akavua ndala. Akajitwisha mtungi mkubwa wa pombe, ule ulioletwa na wanawake wawili, akapanda nao mwinuko wa ua hadi walipoketi. Hata tone halikumwagika. Tomasi, aliyeshika upande wa miguu siku ile ya machela, alifuta macho akasingizia moshi.

"Mguu umemaliza," Zita akasema.

Vigelegele vikasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wakanywa, wakamtania, wakabishana nani alikuwa mzito zaidi, yeye au ule mkungu. Nzi walipoanza kukizonga kibuyu, Zita aliikunja fomu mara mbili akakifunikia, muhuri ukiwa juu.

"Na hiyo tarehe kumi na mbili?" Tomasi akauliza.

"Siku hiyo napanda maharage. Wakizitaka skrubu zao, waje shambani. Na majembe yao."