Aliyechora Ndiye Avute

Fundi wa mtandao alikuwa ameushika waya wa buluu kitambo, na waya wenyewe hata haujachomolewa. Alisimama kwenye korido ya zahanati ya chuo, mbele ya kabati la mitambo. Nyuma yake mlango wa wodi ulikuwa wazi, na kwenye kitanda cha dirishani alilala mama yake mzazi, kifua kikipanda na kushuka kwa taabu.

"Hilo kabati unaliogopea nini?" mama akauliza. "Halina meno."

"Naogopa tu, mama."

"Basi ogopa ukiwa umekaa. Miguu haina kosa."

Kando ya mto wa mama palikuwa na kitufe chekundu. Ukikibonyeza, taa huwaka kwenye chumba cha wauguzi, jengo la pili. Miaka yote ujumbe wa kila jengo ulipitia mtambo mmoja mkubwa wa katikati, na huo ndio ulioamua kila kitu kipite njia gani. Mwezi uliopita mtambo ule ulizima, chuo kizima kikawa bubu. Mama akabanwa na pumzi, akabonyeza, akabonyeza, kimya. Lau mfagiaji asingesikia kikombe kikigongwa kwenye chuma cha kitanda, mengine yangesemwa.

Ndipo binti yake huyu fundi akachora mpango mpya: mtambo mdogo wa kila jengo ujiamulie, na mitambo ipashane habari yenyewe kwa yenyewe, njia ipi iko wazi na ipi imekatika. Mkuu wake wa kazi, ambaye mafundi walimwita Kitovu kwa kupenda kwake kila kitu kipite katikati, aliupinga waziwazi.

"Kichwa kimoja kikikosea, unajua pa kukigonga," alisema. "Vichwa vingi vikikosea, kila kimoja kitakuambia kamuulize mwenzangu. Ujumbe utazunguka kama mgeni aliyeelekezwa na walevi."

Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mwishowe Kitovu akasema, "Haya, chagua wewe. Lakini desturi yetu unaijua."

Aliijua. Aliyechora ndiye avute. Mpango haupitishwi mpaka aliyeuchora achomoe waya wa njia ya kawaida kwa mkono wake, ionekane kama ujumbe utajitafutia njia nyingine, mchana, watu wakiwa kazini, naye asimame pale ambapo ukishindwa utaumiza. Na hapo pa kuumiza palikuwa kitanda cha mama. Je, alichagua kama fundi, au kama mtoto wa mtu? Swali hilo lilimnyima hata hamu ya chai.

Simu ikaita. "Niko kwa wauguzi, naitazama taa," alisema Kitovu. "Ukiwa tayari, mwanangu."

Akachomoa.

"Bonyeza, mama."

Mama akabonyeza.

"Imewaka?" binti akauliza kwenye simu.

"Bado."

Mama akabonyeza tena, safari hii bila kuambiwa. Macho yalimtoka, kwa kuwa kidole chake kiliikumbuka siku ile. Pumzi ikaanza kukatika. Muuguzi aliyekuwa ameketi ubavuni pake akikunja mashuka akayaweka chini, akamshika mkono. "Nipo, bibi. Vuta pole pole."

Binti akaushika waya ili aurudishe.

"Usirudishe!" Kitovu alisema, kisha akashusha sauti. "Ukirudisha, kosa litajificha, nalo litatoka siku hatupo. Mama ana mtu?"

"Anaye."

"Basi tazama ujumbe unapita wapi."

Akaweka kompyuta kwenye rafu ya kabati, akakosea nywila, akairudia. Kisha njia ikajiandika mbele yake: zahanati, maktaba, zahanati, maktaba, zahanati.

"Unazunguka," alisema. "Maktaba inaurudisha huku."

Kitovu hakusema nilikuambia. Aliuliza tu, "Nani aliiambia hivyo?"

Hapo akakumbuka. Siku mtambo ulipozima alivuta waya wa muda toka zahanati hadi kwa wauguzi, akauagiza mtambo wa maktaba kwa mkono: ya wauguzi yote pitishia zahanati. Waya ulishatolewa. Agizo lilibaki, na agizo la mkono mtambo huliheshimu kuliko habari za jirani.

"Ni mimi," alisema, akalifuta.

Mama akabonyeza. Kimya.

"Imewaka," Kitovu akasema. Baadaye kidogo: "Imewaka tena. Na tena. Mwambie mama aache, tumeona!"

"Siachi," mama akasema, akihema. "Na mimi najaribu mtambo."

Muuguzi akacheka, akarudia mashuka yake. "Mkuu wako alinijia asubuhi," alimwambia binti. "Kaniletea kiti hiki mwenyewe. Kasema, 'Kaa naye, taa iwake isiwake.'"

Binti akakitazama kile kiti. Kilikuwa cha ofisini kwa Kitovu, chenye mto wa mgongo wake mbovu. Siku nzima mzee angekaa wapi?

Akakaa sakafuni, waya wa buluu ungali mkononi, akaogopa kidogo kidogo mpaka hofu ikamwisha.